Huruma Inayorudi Tena



Habari ya Msamaria mwema, iliyomo katika Luka sura ya 10, twaijua sote tangu darasa la Ubatizo. Tukiulizwa alifanya nini, twajibu upesi: alisimama, akamfunga majeruhi vidonda, akampandisha juu ya mnyama wake. Ni kweli. Lakini habari haiishii barabarani. Alimfikisha kwenye nyumba ya wageni, akamwuguza, na kesho yake akampa mwenye nyumba dinari mbili, yaani ujira wa kibarua wa siku mbili. Kisha akaahidi kwamba atakapopita tena atalipa chochote kilichozidi. Hilo la mwisho ndilo tulisahaulo, na ndilo tunalotaka kulitafakari pamoja nanyi.

Sisi wa Temeke twaikumbuka tarehe 29 Aprili 2009, mabomu yalipolipuka katika ghala la jeshi kule Mbagala. Watu zaidi ya 20 walipoteza maisha, nyumba zikabomoka, watoto wakapotezana na wazazi wao. Tena sote twaikumbuka Desemba 2011, siku chache kabla ya Krismasi, mafuriko yalipoingia nyumba za bonde la Msimbazi. Watu wapatao 40 walikufa, na maelfu wakakosa pa kulala. Siku kama zile mhubiri hana kazi. Milango hufunguka yenyewe. Hutoka mikeka, nguo na uji, wala haulizwi mtu yeye ni wa kanisa gani au wa msikiti gani. Tumshukuru Mungu kwa hayo.

Lakini baadaye je? Mwanzoni mwa 2012 waliofurikiwa walipewa viwanja Mabwepande, pembezoni kabisa mwa Kinondoni, wakaanza maisha ndani ya mahema. Mtu aliyezoea kwenda Kariakoo kwa miguu kutafuta riziki, sasa nauli ilimla hata faida. Wengine waliona afadhali warudi bondeni. Ni wangapi kati yetu tuliopanda basi miezi sita baadaye kwenda kuwajulia hali? Tulitoa siku ya kwanza, siku ya redio na magazeti. Siku ya mia hatukuwapo. Ndugu, na tuungame: hatukurudi.

Hata leo ni vivyo hivyo mitaani mwetu. Msiba ukitokea, uani hapatoshi. Matanga yakianuliwa na mikeka ikikunjwa, mjane hubaki peke yake na kodi ya chumba na watoto wasio na madaftari. Mgonjwa wa kupooza hutembelewa wiki ya kwanza. Mwaka wa pili hata jina lake halitajwi katika maombi. Shida yake haina kelele tena, nasi tumezoea kuitikia kelele.

Labda tutasema, "Hatuna kitu." Lakini Msamaria hakuacha safari yake wala hakutoa mali yake yote. Alitoa alichokuwa nacho, akaongeza ahadi. Nasi twajua ahadi ni deni. Labda tutasema, "Wengine wamezoea kuomba tu." Basi turudi tukaone! Anayetoa mara moja akaenda zake hawezi kujua. Anayerudi ndiye ajuaye kwamba huyu anahitaji mtaji wa kukaangia vitumbua, yule apelekwe hospitali, na mwingine anahitaji mtu wa kuzungumza naye tu.

Kwa hiyo tunaombana jambo moja. Kila nyumba ya Mkristo ichague nyumba moja ya jirani mwenye dhiki, wa dini yoyote, na iende huko mara tatu: wiki hii, mwezi ujao, na mwezi unaofuata. Tukiwa na nusu kilo ya sukari, tuibebe. Tukiwa hatuna, twende hivyo hivyo. Wala tusimtangazie mtu.

Katika Mathayo 25 Bwana wetu alijihesabu pamoja na wenye njaa, wagonjwa na wafungwa. Aliyewaendea hao alimwendea yeye. Nasi kila tunapoikiri Imani twasema kwamba yeye atakuja tena. Tunaomngojea arudi, asije akatukuta tumekuwa watu wasiorudi.

Bwana na atupe moyo wa huruma na miguu ya kuufuata. Amina.