Mlezi Anayekubali Kutotiiwa

Kulea kiongozi kunamtaka mtu mzima akae chini wakati moyo wake unamtuma asimame. Wengi wetu hatuliwezi hilo. Tunawaita vijana mkutanoni wapange viti na kupiga makofi, kisha tunalalamika kwamba hakuna wa kutupokea kijiti.

Ella Baker, mwanaharakati Mweusi wa haki za kiraia Marekani, aliliweza. Februari 1, 1960, wanafunzi wanne Weusi waliketi kwenye kaunta ya chakula ya duka la Woolworth mjini Greensboro, North Carolina, mahali pa Wazungu peke yao, wakakataa kuondoka. Wiki chache baadaye vijana wa miji mingi ya Kusini mwa Marekani walikuwa wakifanya vivyo hivyo, kila kundi kivyake. Baker, aliyekuwa na miaka 56, alikuwa mkurugenzi mtendaji wa muda wa SCLC, jumuiya ya Martin Luther King. Alipata humo dola 800, akawakusanya vijana hao wikiendi ya Pasaka katika Chuo Kikuu cha Shaw, Raleigh, alikosoma mwenyewe.

Wakubwa wa SCLC wakataka vijana wawe tawi lao. Kwetu, hapo mtoto huambiwa ashukuru na akubali. Baker alikataa, akatoka kikaoni. Vijana wakaamua wenyewe, wakaunda SNCC, kamati yao ya wanafunzi.

Hakuwatelekeza, maana kumwachia kijana uamuzi kisha ukaenda zako kulala si malezi. Alikaa nao katika vikao vilivyokesha, vyumba vimejaa moshi wa sigara, akiuliza zaidi ya kujibu. (Walimwita Fundi, kwa Kiswahili hiki hiki.) Agosti 1961, katika shule ya Highlander, Tennessee, nusura wasambaratike: hawa wanataka maandamano, wale wanataka kuandikisha wapiga kura. Hapo alitia neno. Kuwe na vitengo viwili, kila upande ushike wake. Sidhani wangemsikiliza kama angekuwa mtu wa kusema kila siku.

Malezi haya yana gharama. Vijana waliojiamulia walikwenda Mississippi, wakapigwa na kufungwa, na mlezi anayewaachia uhuru huo hana budi kuishi na habari hizo. Tena hawezi kuchagua watakapofika. Mwaka 1966 SNCC iligeukia Black Power (Nguvu ya Weusi), njia iliyowaudhi wengi waliokuwa wakiwaunga mkono. Baker hakuwakana.