OMBA UKIWA NJIANI
Somo: Marko 2:1–12, 2 Wafalme 20:1–7

 

Namshukuru Mungu, namshukuru mchungaji wetu na mama mchungaji kwa kunipa madhabahu asubuhi ya leo. Wengi mnanijua kama sista wa kwaya. Wodini pia naitwa sista, maana mimi ni muuguzi wa watoto, na ni miaka mingi sasa naingia zamu za mchana na za usiku hapa hapa Busia. Leo hao masista wawili wanahubiri pamoja.

Fungua Marko sura ya pili. Kuna mtu amepooza. Wenzake wanne wamembeba mpaka Kapernaumu, kwenye nyumba aliyokuwamo Yesu. Mlangoni watu wamejaa, hakuna pa kupita. Hawakurudi nyumbani. Walipanda juu, wakatoboa paa, wakamteremsha na kitanda chake. Angalia sasa mstari wa tano. Marko anatuambia kwamba kitu ambacho Yesu alikiona pale ni imani yao. Nawauliza, imani inaonekanaje kwa macho? Marko haandiki hata neno moja lililotoka vinywani mwa wale wanne. Kilichoonekana ni mabega yaliyochoka na paa lenye tundu. Mwambie jirani yako: imani ina miguu! Amina?

Kwa nini nasema hivi? Kwa sababu ya malaria. Kwetu huku, kutoka Budalang'i mpaka Malaba, malaria haina likizo. Asubuhi mtoto anacheza, jioni ana degedege. Vimelea vya malaria vinavunja chembe nyekundu za damu. Sukari mwilini inaporomoka. Mtoto mdogo hana akiba ya kungoja. Ni saa, wapendwa, si siku.

Kuna alfajiri moja mama alifika wodini kutoka upande wa Malaba, mtoto mgongoni. Degedege lilikuwa limeanza jioni iliyotangulia. Mahali walipokuwa kwenye kesha, sitapataja, aliambiwa hiyo ni roho, na kwamba akikimbilia hospitali ameonyesha hana imani. Mama akatii usiku kucha. Nilipomfungua mtoto, viganja vyake vilikuwa vyeupe kama karatasi. Tulimpa oksijeni, tukatafuta mshipa, tukampa sukari. Damu ilikuwa bado haijafika alipokata roho. Mama aliniangalia akaniuliza swali moja tu: "Sista, ni kwamba sikuamini vya kutosha?"

Kanisa, nilimjibu, na leo najibu mbele yenu: Mama, uliamini. Waliokosea ni wale waliokwambia kwamba Mungu anakasirika ukimbeba mtoto kumpeleka akatibiwe.

Hebu tuone Maandiko. Mfalme Hezekia aliugua karibu kufa. Akageuka ukutani, akaomba, akalia. Mungu akasikia, akamwongezea miaka 15. Hapo wengine wetu tungefunga Biblia, tupige makofi, twende nyumbani. Lakini soma mstari wa saba. Isaya, nabii yule yule aliyeleta ahadi, akaagiza mkate wa tini uwekwe juu ya jipu. Ahadi na dawa zilitoka kinywa kimoja! Je, Isaya alipungukiwa na imani?

Na ile sindano tunayompa mtoto mwenye malaria kali, artesuneti, asili yake ni mmea. Mwanasayansi wa China, Tu Youyou, aliongoza kazi ya kuitoa dawa ya artemisinini katika mmea huo, na mwaka 2015 akapewa tuzo ya Nobel. Mmea huo aliuumba nani? Ni Mungu yule yule wa tini. Chanjo ya malaria nayo ilianza kutolewa Kenya Septemba 2019, na Busia ilikuwa katika kaunti 8 zilizochaguliwa kuanza. Mama, peleka mtoto kliniki, umalize dozi zote. Ukimchanja, hujamwacha Mungu.

Sikilizeni vizuri, sijasema tuache kuomba. Mimi mwenyewe naomba nikitafuta mshipa kwenye mkono mdogo kama kidole changu. Ninachosema ni hiki: omba ukiwa njiani. Neno bodaboda wanasema lilizaliwa hapa kwetu mpakani, watu walipokuwa wakibebwa kwa baiskeli kutoka kituo cha nchi moja hadi cha nchi nyingine. Basi panda hiyo bodaboda na unene kwa lugha huko juu! Mungu hazuiwi na kelele za injini.

Mtoto asiyeweza kunyonya wala kunywa, anayetapika kila kitu, mwenye degedege, aliyelegea hata haamki, au anayepumua kwa shida: huyo usingoje ibada iishe. Akishikwa na degedege, mlaze kwa ubavu, usimtie chochote mdomoni, si kijiko, si maji. Halafu ondoka.

Lakini turudi kwa wale wanne. Yule mgonjwa hakujibeba. Mama peke yake saa nane usiku, bila nauli, na watoto wengine watatu nyumbani, hawezi kushika pembe zote nne za kitanda. Hiyo ni kazi ya kanisa. Pembe ya kwanza ni ya mwenye pikipiki au gari: simu yako isizimwe usiku. Pembe ya pili ni ya mwenye shilingi mia mbili. Pembe ya tatu ni ya jirani atakayebaki na watoto walioachwa.

Pembe ya nne ni damu. Kila Jumapili tunaimba damu ya Yesu, na tunaimba vizuri. Wodini kuna mtoto ambaye uzima wake unangoja damu ya mtu mwingine. Ukiwa na miaka kati ya 16 na 65, mwenye afya, na kilo 50 kwenda juu, unaweza kupimwa ukachangia. Yeye alimwaga yote. Sisi tunaombwa mfuko mmoja.

Baada ya ibada, wenye kutaka kushika pembe wamwandikishe katibu majina na namba za simu. Na kama uko hapa umezika mtoto, na lile swali bado linakuuma usiku, njoo mbele, tusimame nawe.

Bwana Yesu, uliyewaita watoto waje kwako, tupe miguu ya kuwaleta. Wafariji kina mama waliolia. Tufundishe kuomba tukitembea. Katika jina la Yesu, Amina.