Neno Lisilo na Mwenyewe

Sauti iliingia kwenye kundi la ukoo baada ya isha. Mwanamke alikuwa analia. Alisema kuna Noah nyeupe inazunguka mitaani, ina watu watatu, wanachukua watoto wanaotoka madrasa. Hakutaja jina lake, wala mtaa, wala siku. Alisema tu, "Wazazi wenzangu, tuwe macho." Juu ya ujumbe palikuwa na vishale viwili, alama kwamba umeshapita mikononi mwa wengi. Asubuhi yake dada yangu hakumpeleka mwanawe madrasa, na jirani yetu mwenye Noah nyeupe alitazamwa kutwa nzima kwa jicho ambalo hakuwahi kutazamwa nalo tangu ahamie.

Nilimpigia shangazi, aliyeuleta ujumbe ule. "Shikamoo shangazi. Huyu mama anayelia ni nani?" Akasema ametumiwa na mwenzake wa kikoba. Mwenzake wa kikoba akasema ameutoa kundi la wazazi wa shule ya mwanawe. Aliyeuweka huko naye alikuwa ameuokota kundi jingine, na hapo njia ikafutika. Nilizungumza na watu watatu na hakuna hata mmoja aliyedanganya. Kila mmoja alisukumwa na mapenzi: ana watoto au wajukuu, akaona heri lawama kuliko majuto. Hata hivyo jambo ambalo hakuna aliyeliona lilikuwa limefika kwetu, limeketi, na limeanza kututawala.

Fumbo ninalotaka kulitazama ni hilo. Tumezoea kudhani kwamba penye uongo pana mwongo. Leo uongo unaweza kuzunguka nchi nzima huku kila aliyeubeba akiwa mkweli.

Sisemi kwamba zamani watu hawakuzushiana. Enzi za ukoloni, Afrika Mashariki nzima watu waliogopa mumiani. Waliamini kwamba wazimamoto hukamata watu usiku na kuwatoa damu. Mwaka 1995 hofu ya jini aitwaye Popobawa ilianzia Pemba ikavuka hadi Unguja. Familia zililala nje kwa makundi, zikikesha, na mtu mmoja mwenye maradhi ya akili aliuawa na waliomdhania ndiye. Hakukuwa na simu janja. Uvumi hauhitaji umeme ili uue.

Lakini uvumi wa zamani ulihitaji mdomo wa mtu kuufikisha mlangoni. Ulipiga hodi. Bibi yangu, kule Pangani, alikuwa na maswali matatu kwa kila aliyeleta habari barazani: "Umeona au umesikia? Umesikia kwa nani? Naye alikuwepo?" Aliyauliza huku anasuka ukili, bila kuinua kichwa. Nimeona watu wazima wakirudi nyuma hatua kwa hatua mbele ya maswali hayo, mpaka habari iliyoingia kwa kishindo ikabaki "nilisikia watu wakisema kwenye kivuko". Bibi hakuwa anajua ukweli wa mambo kuliko wao. Alijua tu kwamba neno lazima liwe na mwenyewe, na mwenyewe huulizwa.

Bibi hakuwa peke yake. Wanazuoni wa Hadithi, akina Imamu Bukhari aliyefariki mwaka 870, walijenga elimu nzima juu ya swali hilo. Hawakuridhika na uzuri wa maneno. Walitaka isnadi, yaani mlolongo wa waliopokezana: fulani kutoka kwa fulani, je, walikutana, je, alikuwa mwaminifu, je, kumbukumbu yake ilikuwa imara? Kauli iliyokatika mlolongo ilihesabiwa dhaifu, hata ikipendeza vipi. Na karne nyingi kabla yao, Plato, katika kitabu chake Phaedrus, alimpa Socrates lalamiko juu ya maandishi: ukiyauliza, yanarudia neno lilelile; yakionewa, hayawezi kujitetea bila baba yake kuwepo. Nimelifikiria sana hilo neno baba. Ujumbe wa yule mama ulikuwa yatima, nasi tukaupokea kama mwana wa nyumbani.

Mtu anaweza kunipinga hapa, na pingamizi lake ni zito. Atasema waongo wakubwa wa dunia wana majina na nyuso, tena wengine wana vyeo. Na kwamba kitabu hakina uso, bali tunakiamini. Ni kweli. Kuwa na mwenyewe hakulifanyi neno kuwa la kweli. Kunalipa mahali pa kuulizia. Kitabu kina mwandishi na mchapishaji, gazeti lina mhariri, na mwongo mwenye jina anaweza kukabiliwa, kukanushwa na kuaibika. Neno lisilo na mwenyewe haliaibiki. Ukilikanusha leo Tanga, kesho linaamkia Mwanza likiwa bichi vilevile. Kwa hiyo kinachotuponyoka ni zaidi ya ukweli wa habari moja moja. Tunapoteza dhamana, ule udhamini ambao msemaji huuweka rehani kila anapofungua kinywa.

Na ni hapa ninapowafikia watoto, maana naona jambo lao na letu ni moja.

Mpwa wangu alipokuwa na miaka miwili hakula uji bila katuni. Simu iliegemezwa kwenye birika, mdomo ukafunguka wenyewe, kijiko kikaingia. Siku moja nilimketia karibu. Katuni ilikuwa ya dubu anayevua samaki. Mtoto akanyoosha kidole: "Nini hiyo?" Dubu akaendelea kuvua. "Nini hiyo?" Dubu akacheka na kuondoka. Mara ya tatu mtoto hakuuliza. Alishusha kidole, akatazama tu. Nilikuwa mlemle chumbani na sikumjibu, kwa sababu nami nilikuwa na simu yangu mkononi. Kile kidole kilichoshuka hakijaniondoka moyoni.

Baadaye nilikuja kujua kwamba jambo hilo limechunguzwa. Mwaka 2003 Patricia Kuhl na wenzake wa Chuo Kikuu cha Washington, Seattle, walitangaza matokeo ya jaribio moja. Watoto wachanga wa Kimarekani wa miezi 9, waliozoea Kiingereza, waliketishwa vikao 12 na watu wanaozungumza Kichina, wakacheza nao na kusomewa. Wengine waliwekewa watu haohao kwenye video, na wengine sauti tu. Waliokaa na watu walijifunza kutofautisha sauti za Kichina. Wa video na wa sauti hawakuambulia kitu. Maneno yalikuwa yaleyale. Kilichokosekana ni mtu.

Je, kioo chenyewe ndicho sumu? La. Mwaka 2014 Sarah Roseberry na wenzake walionesha kwamba watoto wa takriban miaka miwili hujifunza maneno mapya kwa simu ya video, mzungumzaji akiwa anawaona na kuwajibu papo hapo. Video iliyorekodiwa haikuwafundisha. Wenye ndugu Maskati wanalijua hili bila maabara. Bibi yuko Oman, mjukuu yuko Unguja, na bibi anauliza, "Hicho kidonda umekipata wapi?" Mtoto anajibu, bibi anaguna, mtoto anaongeza. Hapo kioo kina mwenyewe.

Shirika la Afya Duniani, mwaka 2019, lilishauri mtoto wa chini ya mwaka mmoja asiwekwe mbele ya skrini kabisa, na wa miaka 2 hadi 4 asizidishe saa moja kwa siku. Likahimiza muda wa kuketi uwe wa kusomewa na kusimuliwa hadithi. Nauheshimu ushauri huo, lakini saa pekee hazitoshi kupimia. Hadithi zetu zilianza kwa "Paukwa!", na msimulizi hakuendelea mpaka asikie "Pakawa!" Mtoto alifundishwa kabla ya sungura wala fisi kuingia kwamba neno ni la watu wawili: bila jibu lake, hadithi haiendi. Katuni inakwenda hata mtoto akilala. Anayekua na maneno yasiyomsubiri anazoea kupokea bila kuuliza, na siku atakapopewa simu yake mwenyewe, sauti ya mama asiye na jina itamkuta yu tayari kabisa kuiamini.

Serikali na kampuni zimejaribu kuuzuia uvumi. Mwaka 2018 nchini India uvumi kama wetu, wa wezi wa watoto, uliwafanya watu wenye hasira kuua zaidi ya watu 20. WhatsApp ikawekea mipaka usambazaji, na Aprili 2020 ikaamua ujumbe uliokwishasambazwa mara nyingi uende kwa mtu au kundi moja tu kwa wakati. Tanzania ilitunga Sheria ya Makosa ya Mtandao mwaka 2015, Kenya ikatunga yake mwaka 2018. Sheria ina kazi yake, lakini haikutungiwa mtu kama shangazi yangu mwenye nia njema, wala sitamani imfikie. Tena neno uzushi, likiachwa mikononi mwa mwenye nguvu peke yake, linaweza kubandikwa juu ya ukweli usiomfurahisha. Na watafiti wa MIT waliofuatilia habari zipatazo 126,000 kwenye Twitter walionesha mwaka 2018 kwamba habari ya uongo ilikuwa na uwezekano mkubwa zaidi, kwa asilimia 70, wa kusambazwa kuliko ya kweli, na wanaoisambaza hivyo ni watu kuliko mashine. Ni vidole vyetu.

Basi nasema hivi: anayesambaza amedhamini. Tukipitisha neno ambalo mwenyewe hajulikani, wenyewe ni sisi, na tuwe tayari kuulizwa. Pasipo jibu, neno liishie kwetu. Huu si ugumu mkubwa. Ni adabu ya barazani tuliyoisahau tulipoingia kwenye makundi.

Nimesema nilimpigia shangazi. Sikusema ni nini kilichonifanya nipige. Asubuhi ile nilipita kwa dada, nikamkuta mpwa wangu, sasa ana miaka mitano, ameketi na juzuu yake mapajani, amevaa kanzu ya madrasa asiyokwenda. Mama yake aliicheza tena ile sauti ili nami niisikie. Mtoto akainua kichwa.

"Mjomba, huyo mama anaitwa nani?"

Sikujua. Safari hii kidole chake hakikushuka bila jibu. Nilimwambia, "Sijui, baba. Ngoja tuulize." Nikaichukua simu.