Nani Amepiga Kelele za Mwizi?

Msomaji wa riwaya ya upelelezi ana raha moja adimu: anaweza kumshuku yeyote bila kumdhuru. Ukurasa wa thelathini anamshuku mpishi, wa sitini anamgeukia shemeji wa marehemu, na mpishi wala hajui kwamba alivunjiwa heshima. Tulipokuwa sekondari, kitabu kimoja cha mwandishi ninayemzungumzia hapa kilizunguka bwenini bila kurasa za mwisho. Zilichanika zamani, kabla yetu. Tulibishana muhula mzima kuhusu muuaji, tukagawanyika makundi, watu wakanuniana, na hakuna mhusika hata mmoja aliyedhurika kwa ubishi wetu.

Gemu linaiondoa raha hiyo. Likishakupa kitufe cha kumtaja mhalifu, shaka yako imekuwa tendo. Wajapani waliliona hili mapema. Kamaitachi no Yoru, gemu lililotoka mwaka 1994, liliandikiwa hadithi na Takemaru Abiko, ambaye tayari alikuwa mwandishi wa riwaya za upelelezi. Humo, mchezaji anayechelewa kumtambua muuaji hukuta maiti zinaongezeka. Kuchelewa kwake kuna gharama, na gharama hiyo hailipi yeye.

Basi sisi watatu tulipopata bahati ya kuandika gemu la simu pamoja na Mzee (sitamtaja, hapendi), nilidhani kazi ngumu itakuwa kumfundisha mtu anayeandika kwenye kaunta buku jinsi hadithi inavyogawanyika matawi. Alielewa siku ya kwanza. Kilichotuchukua miezi ni swali moja: mchezaji akimsingizia asiye na hatia, nani mkosaji?

Hadithi ni ya kikoba. Sanduku la akiba la wanawake wa mtaa lina kufuli tatu, na kila ufunguo unakaa kwa mwanachama tofauti. Siku ya kugawana linafunguliwa mbele ya wote. Kufuli zote ziko salama, na ndani kuna magazeti yaliyokatwa ukubwa wa noti. Hilo ni wazo la Mzee. Nililisikia kwenye ujumbe wa sauti nikiwa kituo cha daladala, nikacheka peke yangu mpaka mama mmoja akasogea pembeni.

Pembezoni mwa hadithi yuko kijana wa bodaboda ambaye wiki hiyohiyo amelipa madeni yake yote. Kitabuni angekuwa chambo tu. Msomaji angemshuku, kisha mwishoni angeambiwa kwamba kijana aliuza cherehani ya marehemu mama yake. Lakini mtaani kwetu, ukilipiga kelele neno "mwizi", hulirudishi tena mdomoni. Tunajua magazeti yanavyoandika: wananchi wenye hasira kali, na kijana mmoja ambaye jina lake halikufahamika mara moja.

Mimi nilitaka mchezaji aweze kulipiga kelele neno hilo, na akikosea, mawe na tairi vije. Niliona aibu kutengeneza hadithi ya wizi Uswahilini ambamo kumkosea mtu kunaleta maandishi ya "jaribu tena".

Mzee alikataa. "Mwanangu," alisema, "huyo mchezaji nimempoteza mimi. Nimekesha natafuta namna ya kumpoteza. Akishapotea, nimgeukie nimwambie ameua?"

Hoja hiyo ilininyima usingizi, na bado naiheshimu. Mwandishi wa upelelezi anaishi kwa kupotosha. Wenzake wamejiwekea mipaka tangu zamani. Mwaka 1929 Ronald Knox, padri Mwingereza aliyeandika riwaya za aina hii, alitoa kanuni kumi, mojawapo ikisema mpelelezi asiokote dalili ambayo msomaji haonyeshwi papo hapo. Ila kanuni ya Knox inalinda haki ya msomaji kushindana. Haisemi lolote kuhusu haki ya anayeshukiwa, kwa kuwa kwenye karatasi anayeshukiwa hana haki za kupotezwa.

Nilimjibu Mzee hivi. Kupotoshwa kunamwondolea mtu lawama ya kuamini uongo. Hakumwondolei lawama ya kufanya jambo lisiloweza kutenguliwa wakati bado ana shaka. Mchezaji wetu ana njia nyingine: amwendee mjumbe, angoje, aulize tena. Akichagua kelele, amechagua yeye.

"Sawa," akasema. "Na huko kuuliza tena, atakuta nini?"

Hapo ndipo aliponibana. Katika mpangilio wetu asingekuta kitu. Ukweli wa cherehani ulikuwa umefungiwa sura ya mwisho, kwa sababu ndipo uliposhangaza. Tungemwambia mchezaji awe na subira halafu subira yake isimlipe chochote. Kumhukumu kwa kutotafuta kitu ambacho hatukukiweka ni udanganyifu, hata kama mitaani ndivyo watu wanavyohukumiana kila siku.

Basi ukweli ukabidi uhame. Tukaupeleka kwa bibi wa kijana, sura ya pili: ukienda kumsalimia na kukaa, atakwambia mwenyewe kuhusu cherehani. Mzee alijua anachopoteza. Msomaji makini atamwondoa kijana kwenye orodha mapema sana, na ule mshangao ambao yeye amejengea jina lake utakufa. Mtu aliyejifunza kazi kwa kumsoma Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla haachii mshangao kirahisi. Alinyamaza siku tatu, wala sikuthubutu kumpigia. Ni vigumu kumwomba mtu uliyekua ukimsoma aharibu kitu ambacho umempendea.

Siku ya nne aliniita kwake. Baada ya shikamoo alinipa kaunta buku: kurasa kumi na moja za maisha ya yule kijana, kwa mwandiko ulioinama. Jina lake kamili hadi la babu, alivyoshindwa kidato cha pili, deni la kwanza, mkono wa mama yake kwenye gurudumu la cherehani. Mwenzetu anayeandika programu akashauri tuzionyeshe baada ya kelele, mwili ukiwa barabarani, ili zimchome mchezaji. Mzee akasema hapana. Aliyemuua asipewe wasifu wake kama zawadi. Alitaka ziwe mwanzoni kabisa, kabla sanduku halijafunguliwa.

Mwenzetu alionya kwamba kwenye simu hakuna atakayesoma kurasa kumi na moja kabla ya tukio, kwa hiyo lazima pawe na kitufe cha kuruka. Mzee alifikiri kidogo, akasema kiwekwe, na kiwe kikubwa.