Sifuri ya Muroc

Mwaka 1949, katika kambi ya jeshi la anga ya Muroc, jangwani California, kigari cha roketi kilirushwa juu ya reli na kufungwa breki kwa ghafla. Mikanda ya kiti ilikuwa imefungwa vihisi vya kupima nguvu inayomvuta abiria wakati wa kusimama. Karatasi za vipimo zilipofunguliwa, vihisi vyote vilikuwa vimeandika sifuri.

Mradi ule uliitwa MX981. Kiongozi wake, John Paul Stapp, alikuwa daktari wa jeshi la anga aliyetaka kujua mwili wa binadamu unaweza kustahimili kusimamishwa kwa ghafla kiasi gani. Wahandisi wa ndege waliamini kwamba mtu hawezi kupona zaidi ya mara 18 ya mvuto wa dunia, na viti vya marubani vilisanifiwa kwa imani hiyo. Stapp hakuridhika. Alipanda kile kigari yeye mwenyewe, mara nyingi, akavunjika mbavu na kifundo cha mkono, na mishipa ya damu ikampasuka machoni. Masimulizi yanatofautiana kama siku ya ile sifuri aliyekaa kitini alikuwa sokwe au Stapp, lakini hilo halibadilishi uzito wa jambo: katika mradi ule namba zililipiwa kwa mwili wa kiumbe hai, na siku hiyo malipo yalitolewa bila namba kupatikana.

Vihisi vililetwa na Kapteni Edward Murphy, mhandisi kutoka Wright Field, Ohio. Wazo lake lilikuwa zuri. Watu walikuwa na shaka na vipimo vilivyokuwa vikitumika, naye akapendekeza nguvu ipimwe pale pale inapopita, kwenye vifungo vya mikanda, kwa kutumia geji za mnyumbuko. Geji ya namna hii ni waya mwembamba sana uliobandikwa juu ya chuma. Chuma kikivutwa hurefuka kidogo, waya nao hurefuka, na ukinzani wake wa umeme huongezeka. Teknolojia hiyo ilikuwa bado changa, kwani geji za kubandika zilibuniwa Marekani mwaka 1938. Leo ndiyo iliyomo ndani ya vihisi vingi vya nguvu duniani, pamoja na vile vilivyo chini ya mizani za malori za Vigwaza, Tanzania, na Mariakani, Kenya.

Mabadiliko ya ukinzani huo ni madogo mno kuyasoma moja kwa moja, kwa hiyo geji nne huunganishwa katika mzunguko wa mraba unaoitwa daraja la Wheatstone. Daraja hili lina tabia ambayo kila anayegusa kihisi cha nguvu anapaswa kuifahamu. Geji zilizo kwenye pande zinazotazamana hujumlishana. Zilizo kwenye pande zinazopakana hutoana. Fundi mwenye ujuzi huitumia tabia hii kwa faida yake, akazipanga geji ili athari ya joto na ya kupinda zifutane na ubaki mvuto peke yake. Lakini badilisha waya mbili tu, na kinachofutwa ni kile kile ulichokuja kukipima. Chuma kinavutika barabara, geji zinahisi, umeme unapita, na kalamu ya mashine haijongei. Hakuna kilichoharibika, hivyo hakuna cha kumshtua mtu kabla ya jaribio. Vihisi vya Muroc vilikuwa vimeungwa kinyume.

Kutokana na hasira ya siku ile ndipo ilipozaliwa ile kauli maarufu inayobeba jina la Murphy, kwamba jambo likiweza kufanywa vibaya kuna atakayelifanya vibaya. Dunia imeigeuza kuwa maneno ya kulalamikia bahati mbaya. Mimi naisoma kama agizo la usanifu: kama kihisi kinaweza kuungwa kwa namna mbili, mwenye kukitengeneza hajamaliza kazi yake.

Lakini kuna sehemu ya kisa hiki isiyosimuliwa sana, nayo ndiyo inayoniuma. George Nichols, mhandisi wa kampuni ya Northrop aliyekuwa kwenye mradi, alikumbuka baadaye kwamba Murphy alipewa nafasi ya kufanya ugezi na kuvijaribu vihisi vikiwa vimeshafungwa mahali pake, kabla ya roketi kuwashwa. Akakataa. Ugezi wa aina hiyo hauhitaji maabara. Unaning'iniza uzito unaoujua kwenye mkanda, tuseme kilo 20, na unatazama kama namba inasogea, inasogea upande gani, na kama inakaribia nyutoni 196 unazozitarajia. Jambo la lazima ni kwamba ufanyike baada ya kila bolti kukazwa na kila waya kuunganishwa hadi kwenye mashine ya kurekodi. Hati ya ugezi iliyokuja na kihisi kutoka kiwandani inakuhakikishia jinsi kilivyofanya kazi kwenye meza ya kiwanda. Jinsi wewe ulivyokifunga, hati hiyo haijui.

Muroc walibahatika kwa jambo moja: sifuri inajitangaza. Kihisi kilichofungwa vibaya kinachotoa asilimia 80 ya ukweli hakimshtui mtu, na namba yake huingia kwenye ripoti, ikatumika kuchagua unene wa chuma kitakachobeba watu. Njia ya kawaida ya kuipata namba kama hiyo ni kuuachia mzigo njia ya pili. Bomba la haidroli lililokakamaa, kebo nene iliyofungwa kwa klipu pande zote mbili, pini ya kuelekeza iliyobana: kila kimoja hubeba sehemu ya nguvu ikapita pembeni. Watu wawili wakibeba gunia, ukimuuliza mmoja uzito wake atakwambia kilicholemea bega lake tu, na hatakuwa ameongopa. Njia nyingine ni kukifunga kihisi juu ya bamba lisilo tambarare, au kukibebesha mzigo usiopita katikati yake. Kihisi hupinda, na ule mpindo huchanganyika na nguvu ya kweli. Ndiyo maana watengenezaji husisitiza uso uliosagwa vizuri, bolti zilizokazwa kwa spana yenye kipimo, na kwa mizigo ya kuvuta, viungo vyenye beringi ya duara vinavyojinyoosha vyenyewe kufuata mstari wa mvuto.

Kwa nguvu ya msokoto mtego hubadilika sura. Chukua mota ya kilowati 22 inayozunguka mara 1,450 kwa dakika. Hesabu inatoa msokoto wa takriban nyutoni-mita 145, na mnunuzi akiona kihisi cha 150 kwenye orodha anaweza kuridhika kabisa. Lakini mota ya namna hiyo ikiwashwa moja kwa moja kwenye umeme husokota mara mbili au zaidi ya kiasi hicho kabla haijatulia. Kihisi kinaweza kunyongwa siku ya kwanza, na kibaya zaidi, kisikatike: kikabaki na ulemavu wa kudumu, kikaendelea kusoma. Mwingine kwa kuogopa hilo ananunua cha 1,000. Kama usahihi wake ni asilimia 0.1 ya kipimo chake chote, kosa linaweza kufika nyutoni-mita 1, na anapopima msokoto wa 20 hiyo ni asilimia 5. Kwa hiyo kabla ya kufungua orodha ya bei, kaa na mashine yenyewe na ujiulize mzigo wake mkubwa hutokea dakika gani. Jibu mara nyingi ni wakati wa kuwasha, wa kufunga breki, au wa kitu kukwama. Shafti ya kihisi cha msokoto pia ni nyembamba kwa makusudi, ili ipate kunyumbulika; ukiiunganisha kwa viungo vigumu kati ya mota na pampu ambazo hazijanyooka, utakuwa unapima kosa lako la ufungaji katika kila mzunguko. Viungo vinavyonyumbulika si mahali pa kubana matumizi.

Na kama unachopima ni pigo la ghafla, kihisi cha fuwele za kwatzi kitakufaa kuliko geji, ila usikitumie kwa mzigo unaokaa saa nzima, kwa sababu chaji yake huvuja na namba hushuka huku mzigo ukiwa pale pale.

Wengi hujilinda kwa kufunga vihisi viwili badala ya kimoja. Tarehe 8 Septemba 2004 chombo cha Genesis cha NASA kilirudi duniani kikiwa na chembe za upepo wa jua kilizokusanya angani. Swichi ndogo za kuhisi mvuto zilitakiwa kutambua kwamba chombo kinapunguzwa kasi na hewa, kisha kufungua parachuti, na helikopta zilikuwa tayari kukidaka. Parachuti haikufunguka, na chombo kiligonga ardhi ya jangwa la Utah kwa kasi ya kilomita 311 hivi kwa saa. Kulikuwa na swichi za akiba, lakini zote ziliwekwa kichwa chini, kwa sababu zote zilifuata mchoro mmoja uliokosewa. Akiba hulinda dhidi ya kifaa kuharibika. Dhidi ya mchoro mbaya hailindi chochote. Jaribio la kukizungusha kisanduku cha swichi hizo kwa kasi, ambalo lingeonyesha kama swichi zinatazama upande sahihi, lilikuwa limeondolewa kwenye utaratibu, na badala yake michoro ikalinganishwa na ile ya chombo cha Stardust kilichotangulia.

Wanasayansi waliokota vipande vya sahani za kukusanyia chembe kwenye vumbi na tope, wakavisafisha kwa miaka, na sehemu kubwa ya sayansi ikaokolewa. Huko Muroc waya ziliunganishwa upya na kazi ikaendelea. Tarehe 10 Desemba 1954, kwenye reli nyingine huko Holloman, New Mexico, Stapp alifikia kasi ya kilomita 1,017 kwa saa na kusimamishwa ndani ya sekunde 1.4, akistahimili mara 46.2 ya mvuto wa dunia. Safari hiyo ilikuwa na kipimo, na kipimo hicho kilimpa nguvu alipokwenda kwa watengenezaji wa magari kuwadai waweke mikanda ya usalama kwenye viti vya raia wa kawaida.