Kungoja Matokeo, Kungoja Ruhusa

Kusubiri matokeo ya mtihani wa leseni ya tiba ni kipindi kinachoanza mtahiniwa anapoweka kalamu chini na kumalizika baraza la taaluma linapotangaza nani amefaulu. Nchini Kenya wengi wanaotaka kutibu kwa idhini ya sheria hukipitia. Wauguzi na wakunga hutahiniwa na Baraza la Wauguzi chini ya Sura ya 257 ya Sheria za Kenya. Madaktari wana baraza lao chini ya Sura ya 253, na waliosomea nje ya nchi hufanya mtihani wake kabla ya kusajiliwa. Maafisa wa kliniki wanasimamiwa na sheria ya mwaka 2017. Taratibu hutofautiana, ila mpangilio ni mmoja: masomo, mtihani, ukimya, tangazo. Hatua ya tatu, ule ukimya, ndiyo inayohitaji kuchunguzwa, kwa sababu ndani yake mtu huwa na ujuzi asioruhusiwa kuutumia na tumaini juu ya jambo ambalo hawezi tena kulibadilisha.

Kikambala, mji mdogo wa Kaunti ya Kilifi ulio kaskazini mwa Mtwapa kwenye barabara ya Mombasa kwenda Malindi, unatosha kuonyesha hali hiyo ilivyo. Kijana wa hapo anayetaka kuwa muuguzi hahitaji kwenda mbali. Chuo cha Mafunzo ya Tiba cha Kenya, KMTC, ambacho asili yake ni mwaka 1927, kina matawi Kilifi na Malindi, na Chuo Kikuu cha Pwani kiko mjini Kilifi. Masomo yakiisha hurudi nyumbani. Ameshakesha zamu wadini, ameshafunga vidonda, ameshazalisha akisimamiwa na wakunga wenye uzoefu. Mtihani wa baraza ameshaufanya. Sasa anasaidia dukani, anatafuta kibarua hotelini, au anashinda na simu mkononi akifungua tovuti ya baraza. Wala hangoji peke yake. Karo yake ilitoka kwenye nazi na korosho, kwenye mshahara wa mzazi anayefanya kazi hotelini, kwenye michango ya wajomba na mashangazi. Wote hao wanasubiri jina moja.

Kusubiri kuna aina zake, na ukanda huu wa pwani unazionyesha wazi. Mvuvi wa Kikambala husubiri maji. Anajua bamvua itakuja mwezi uandamapo na tena utakapokuwa mpevu, na anajua saa ambayo maji yatatoka mpaka mwamba uonekane. Anachokingoja kina uhakika na kina wakati wake. Mkulima husubiri masika. Anajua mvua ina majira, lakini hajui siku, na mwaka mwingine mvua humkosa kabisa. Anachokingoja hakijawako bado. Mtahiniwa yuko katika aina ya tatu. Karatasi yake ikishasahihishwa na alama kuthibitishwa, anachokingoja kimekwisha kuwako. Kiko ofisini Nairobi, kimeandikwa, na kuna watu wanaokijua. Kinachokosekana ni habari tu. Mvuvi na mkulima wanaungoja wakati ujao, ilhali mtahiniwa anaungoja wakati uliopita umfikie.

Tofauti hii ni nzito kuliko inavyoonekana. Katika karne ya nne kabla ya Kristo, Aristotle aliuliza kama kauli ya kwamba kesho kutakuwa na vita baharini ni kweli au si kweli leo. Aliona kwamba kuhusu mambo yajayo yanayoweza kuwa au yasiwe, hatuwezi kusema upande mmoja umekwisha kuthibitika, la sivyo kushauriana na kujitahidi kungekuwa bure. Kabla ya mtihani, mtahiniwa wa Kikambala alikuwa katika hali hiyo ya Aristotle: mlango ulikuwa wazi pande zote mbili, na kukesha na vitabu kulikuwa na maana. Baada ya alama kuthibitishwa, mlango umefungwa. Wasiwasi wake unafanana na ule wa kabla ya mtihani, lakini msingi wake ni mwingine. Zamani alihofia litakalotokea, na sasa anahofia lililokwisha kutokea.

Hapo ndipo huzuka swali linaloulizwa katika nyumba nyingi za pwani, za Waislamu na za Wakristo: je, dua inayoombwa baada ya mtihani ina faida? Mafunzo ya kale ya marabi wa Kiyahudi katika Mishna yanaihesabu dua juu ya jambo lililokwisha kutokea kuwa dua ya bure, na yanatoa mfano wa mtu anayesikia kilio mjini na kuomba kisiwe kinatoka nyumbani kwake. Mwaka 1964 mwanafalsafa wa Uingereza Michael Dummett alilichambua swali hilo na kufikia jibu jingine. Ikiwa Mungu anajua yote tangu awali, basi wakati jambo lilipokuwa likitokea alijua kwamba dua hii ingeombwa, na hakuna kinachomzuia kuwa ameijibu mapema. Anayeomba kwa namna hiyo haombi yaliyopita yabadilishwe. Anaomba yawe yalikuwa mema. Kwa hiyo mama anayeinua mikono baada ya karatasi kukusanywa hafanyi jambo lisilo na mantiki, mradi matokeo bado hayajamfikia. Kutojua kwake ndiko kunakoipa dua yake nafasi.

Hata hivyo, si kila kitu katika kungoja huku kimekwisha kuamuliwa. Tangazo la matokeo hufanya kazi mbili kwa pamoja. Kwanza, linaarifu: linasema mtahiniwa alijibu vipi siku ile. Pili, linafungua njia ya usajili, na usajili huunda jambo ambalo halikuwako. Mwanafalsafa J. L. Austin wa Oxford, katika mihadhara iliyochapishwa mwaka 1962, alionyesha kwamba kuna maneno ambayo kuyatamka ni kutenda: kadhi anapofungisha ndoa au hakimu anapotoa hukumu haelezi tu hali iliyopo, bali anaweka hali mpya. Usajili ni wa jamii hiyo. Mikono ya muuguzi ni ileile siku ya kabla na siku ya baada, na ujuzi wake ni uleule, lakini jana kumdunga mgonjwa sindano peke yake kungekuwa kosa la jinai na leo ni wajibu wake wa kazi. Kwa hiyo mtahiniwa anangoja vitu viwili vyenye asili tofauti: ukweli, ambao umekwisha kuwako, na ruhusa, ambayo bado haijazaliwa.

Kwa nini jamii imwambie mtu mwenye ujuzi angoje ruhusa? Sababu iko kwa mgonjwa. Anayenunua samaki Mtwapa anaweza kumgeuza, kumtazama macho na kumnusa kabla ya kutoa pesa. Anayeletwa hospitalini na homa kali hawezi kumpima anayempima. Mwaka 1963 mwanauchumi wa Marekani Kenneth Arrow alieleza kwamba soko la tiba hutofautiana na masoko mengine kwa sababu ya pengo hilo la maarifa, na kwamba leseni ni mojawapo ya njia za kuliziba. Wazo lenyewe ni la kale zaidi. Waandishi wa Kiislamu wa historia ya tiba wanasimulia kwamba mwaka 931, mtu mmoja alipokufa Baghdad kwa kosa la tabibu, khalifa al-Muqtadir aliamuru matabibu wasifanye kazi mpaka wapimwe na Sinan ibn Thabit, na zaidi ya 800 walifika kutahiniwa. Tangu hapo hesabu haijabadilika. Anayejua huchukua usumbufu wa kungoja ili asiyejua asichukue hatari ya kuamini kwa kubahatisha.

Hesabu hiyo hupata uzito wake kamili usiku, jirani anapobisha hodi. Mtaani, kijana aliyemaliza chuo ameshaitwa daktari au sista tangu mwaka wa pili wa masomo. Mtoto ana homa, pesa za bodaboda ni chache, na duka la dawa limefungwa. Jirani haelewi kwa nini aliyesomea kazi hii asimdunge mtoto sindano. Jibu la kimaadili halitaki unyonge wala ukaidi. Kumpoza mtoto mwili, kumpa maji, kutambua dalili za hatari, kuwahimiza wazazi waende kituo cha afya na kufuatana nao njiani ni mambo ambayo mtu yeyote mwenye maarifa anaruhusiwa, na kwa utu anapaswa, kuyafanya. Kuandika dawa, kudunga na kujitambulisha kama muuguzi aliyesajiliwa ni mambo ya baadaye. Anayeushika mpaka huo hamnyimi jirani msaada. Anamlinda dhidi ya desturi ambayo, ikienea, itamfungulia njia kila mwenye sindano na koti jeupe.

Muda wenyewe wa kungoja nao una tabia yake. John Mbiti, mwanafalsafa na mwanatheolojia wa Kenya, katika kitabu chake cha mwaka 1969 kuhusu dini na falsafa za Kiafrika, alitumia maneno mawili ya Kiswahili, Sasa na Zamani, kueleza jinsi Waafrika wa jadi walivyoufikiria wakati. Kwa maoni yake, wakati hujengwa na matukio. Jambo lisilo na hakika ya kutokea, au lisilo katika mzunguko wa kawaida wa maumbile, halina nafasi katika wakati halisi, na wakati ujao hauvuki miaka miwili hivi. Wengi walimpinga, akiwemo mwanafalsafa Kwame Gyekye wa Ghana, aliyeonyesha kwamba Waakan wana fikra kamili ya wakati ujao wa mbali. Pingamizi hilo lina haki. Lakini Mbiti aligusa jambo ambalo kila mtahiniwa analihisi: tukio lililotajiwa siku huingia katika Sasa na kuupanga mwezi mzima, na tukio lisilo na siku huelea nje ya wakati. Mtu aliyeambiwa matokeo yatatoka tarehe fulani anaweza kuchukua kibarua, kusafiri, kuahidi. Aliyeambiwa angoje tu hawezi kuahidi lolote, na maisha yake yote husimama kwenye kizingiti.

Ndiyo maana hekima ya Kiswahili ina methali mbili zinazoonekana kupingana. Moja husema subira yavuta heri, na nyingine husema ngoja ngoja huumiza matumbo. Hazipingani, kwa kuwa kila moja inahukumu aina yake ya kungoja. Mwanazuoni wa Kiislamu al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, aliitenga subira katika yale yaliyo katika hiari ya mtu na subira katika yale yanayompata bila hiari yake. Ya kwanza ni kazi: kudumu katika wajibu na kujizuia na yaliyokatazwa. Kwa mtahiniwa, subira ya namna hii ni kuendelea kusoma, kutodanganya kuhusu hadhi yake, na kutonunua njia ya mkato. Hiyo ndiyo inayovuta heri, kwa sababu inamwandaa kwa kazi ileile anayoingoja. Kungoja kunakoumiza matumbo ni kule kusiko na tendo upande wa anayengoja wala jibu upande wa anayengojewa.

Upande huo wa pili haupaswi kusahauliwa. Anayemwambia mwenzake asubiri amekopa sehemu ya maisha yake, na mkopo huwa na masharti. Kifungu cha 47 cha Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 kinampa kila mtu haki ya hatua ya kiutawala iliyo ya haraka, yenye ufanisi, halali, ya busara na ya haki, na haki ya kupewa sababu kwa maandishi pale hatua hiyo inapoathiri haki zake vibaya. Sheria ya mwaka 2015 iliipa haki hiyo utaratibu. Kwa lugha ya maadili, maana yake ni mambo matatu: siku ijulikane, sababu ya kuchelewa itajwe, na njia ya kukata rufaa iwepo. Hoja ya kumlinda mgonjwa inahalalisha muda unaohitajika kusahihisha na kuhakiki. Siku zinazoongezeka kwa uzembe au kwa ukosefu wa fedha hazimlindi mgonjwa yeyote. Hali huwa mbaya zaidi kungoja kunapoendelea baada ya kufaulu. Mgomo wa madaktari wa Kenya ulioanza Machi 2024 na kumalizika tarehe 8 Mei ulikuwa na hilo miongoni mwa mambo yake makuu: madaktari waliomaliza masomo walikuwa wakingoja kupangiwa hospitali za mafunzo kazini, na mwaka huo wa mafunzo ni sharti la usajili kamili. Ruhusa ilizuiwa ingawa hakukuwa na shaka juu ya ujuzi wao.

Limebaki suala la anayetangaziwa kuwa hakufaulu. Matokeo huhukumu majibu ya siku fulani kwa kipimo fulani. Hayahukumu utu, wala hayasemi kwamba mtu hataweza kamwe. Yanasema kwamba umma bado haujapata ushahidi wa kutosha wa kumkabidhi wagonjwa. Kurudia mtihani ni kuuleta ushahidi huo, na jamii iliyomchangia karo inatakiwa ilielewe hivyo, kwa sababu aibu inayomwangukia aliyeshindwa ndiyo humsukuma kutibu kwa siri.

Kusubiri matokeo ya leseni, basi, ni uhusiano wa pande tatu. Mtahiniwa anamdai mwenye mamlaka jibu la haki kwa wakati. Mwenye mamlaka anamdai mtahiniwa uaminifu wa kutotangulia ruhusa. Mgonjwa, ambaye hayuko katika chumba cha mtihani wala ofisini, anawadai wote wawili, na dai lake ndilo linalohalalisha madai mengine. Kila siku ya kungoja inayoweza kuelezwa kwa faida ya mgonjwa ni siku ya haki, hata ikiuma. Isiyoweza kuelezwa hivyo imechukuliwa kwa mtu bila haki, na inapaswa kufupishwa.