AMANA ILIYO MIKONONI MWA MLEZI

Ama baada ya kumhimidi Mwenyezi Mungu na kumsalia Mtume wake Muhammad (s.a.w.), tumeletewa suali na ndugu yetu wa pwani aliyehamia Nakuru. Mkewe hulea watoto walemavu katika nyumba moja ya malezi. Mwaka 2021 aliambiwa achague: chanjo ya Korona, au aiache kazi. Akachanjwa huku analia, kwa kuchelea riziki. Ndugu yetu auliza: Je, kuchanjwa ni kupungukiwa na tawakali? Na aliyemshurutisha alifanya uadilifu?

Jawabu la suali la kwanza. Tauni ilipoingia Shamu, Sayyidna Umar (r.a.) alikuwa njiani kwenda huko. Alipofika Sargh aliwataka shauri Muhajirina, kisha Ansari, kisha wazee wa Makureshi. Ndipo akaamua kurudi. Abu Ubayda alipomuuliza kama anaikimbia kadari ya Mungu, alimjibu kuwa anatoka katika kadari na kuingia katika kadari. Basi kujikinga si kukosa imani. Chanjo hii haikati kabisa maambukizo, lakini hupunguza sana ugonjwa mkali na mauti. Na mlezi amebeba nafsi mbili. Akianguka yeye, nani atamlisha asiyeweza kuinua kijiko? Nani atamgeuza usiku asipate vidonda? Kuchanjwa kwa nia hiyo ni kutunza amana.

Jawabu la suali la pili limo katika kisa hicho hicho. Umar alikuwa Khalifa, na neno lake lilikuwa amri, wala hakuamua ila baada ya kushauriana. Kwetu Kenya je? Chanjo zilianza Machi 2021. Agosti, watumishi wa serikali wakawekewa siku ya mwisho. Novemba 21 Waziri wa Afya akatangaza kuwa tangu Desemba 21 asiyechanjwa atanyimwa huduma za serikali; Mahakama Kuu ikaisimamisha amri hiyo Desemba 14. Sasa mfikirieni mama wa Molo au Njoro mwenye kijana asiyetembea. Hana wa kumwachia, wala hawezi kumbeba mgongoni hadi zahanati. Je, huyu ni mkaidi? Ni wepesi kumtisha, na ni uzito kumwendea mlangoni kwake. Lakini uadilifu uko katika huo uzito.

Abdallah bin Ummi Maktum alikuwa kipofu. Alimjia Mtume (s.a.w.) naye ameshughulika na wakuu wa Makureshi, na Mwenyezi Mungu akateremsha aya za kumzindua Mtume wake kwa ajili ya kipofu huyo. Ikiwa hivyo ndivyo, sisi ni nani hata tumpitishie asiyejiweza amri bila ya kumsikiliza?

Basi twausia: mwenye kuajiri aeleze kabla ya kuamrisha, na mwenye udhuru wa kitabibu asisukumwe. Mwenye shaka amuulize daktari, wala asieneze uvumi asioupeleleza. Nanyi wasomaji wetu wa miji ya pwani, msidhani neno hili ni la Nakuru pekee. Tazameni mtaani mwenu: nani anamlea asiyejiweza peke yake? Mpokeeni zamu siku moja, apate kwenda kwa daktari na kurudi, moyo wake umetulia.

Mwenyezi Mungu atujaalie kuzitimiza amana. Amin.